Kabla ya Hodi ya Tatu

Bellevue, Johannesburg
12 Aprili 2025

Ami Burhani, shikamoo.

Barua hii nimempa Pandu wa basi mkononi na nikamwapisha asiisokomeze ndani ya mzigo wa mablanketi, kama alivyoifanya ile ya Idi. Natumai inakukuta umekaa vizuri hapo Tanga, na Shangazi Ummi anakulisha kuliko unavyotaka. Mimi sijambo, ila baridi imewahi mwaka huu na mabati ya nyumba yako yanalia kila asubuhi. Jeanne wa chumba cha pili anakusalimu sana. Binti yake, aliyekuwa mchanga mwaka ule wa vurugu, sasa ananipita kwa urefu, na ukimsemesha Kiswahili anakujibu kwa Kizulu.

Haya, tuingie kwenye kazi. Jumanne nilikwenda Braamfontein kwa wakili Mahmoud. Barua ya mamlaka imetoka Mahakama Kuu. Kwa kuwa madaktari wawili wameandika kwamba kumbukumbu yako haikai, na wewe mwenyewe ulikwishanitaja kwenye hati tangu 2009, sasa mimi ndiye mdhamini wa amana ya nyumba hii. Nimehamia chumba chako cha mbele, kama hati inavyodai. Cherehani nimeileta kutoka chumba changu cha Malvern na nimeiweka dirishani. Usiogope, kiti chako sijakigusa.

Hati nimeisoma mara tatu. Kifungu cha nne nimekielewa: nyumba isiuzwe maadamu binti yako Najma yu hai, na chumba cha nyuma ni chake. Kifungu cha saba ndicho kilichonishinda. "Atakayepiga hodi katika nyumba hii aitikiwe kabla ya mara ya tatu, na hili ni jukumu la mdhamini." Mahmoud alicheka mpaka akavua miwani. Anasema katika miaka yake yote ya kuandika amana hajaona mtu aliyetia adabu za ugeni ndani ya hati ya Mahakama Kuu.

Ami, nitasema bila kuzunguka. Mimi nilikuja mji huu 2011, dada Najma sikumkuta. Niliambiwa alipotea Mei 2008, basi, na kila nikiuliza watu wanaangalia chini. Ni miaka kumi na saba sasa. Kuna mtu anataka kuinunua nyumba hii, na nina miaka hamsini na minne, na tangu nifike hapa nimekaa chumba cha kupanga juu ya chumba cha kupanga. Nataka kurudi nyumbani nikiwa bado naweza kupanda ngazi za basi. Ukiandika karatasi kwamba Najma amefariki, ukatia sahihi, Mahmoud ataipeleka mahakamani na amana itafungwa kwa heri. Nakuomba.

Mwanao,
Sumaiya


Barabara ya Kumi na Nane, Tanga
9 Mei 2025

Mwanangu Sumaiya,

Marahaba, na Mungu akuzidishie. Barua imefika, ikinuka blanketi. Ummi hajambo, goti lake linamsumbua lakini ulimi hausumbuki hata kidogo. Mvua zimenyesha vizuri. Jirani yetu ameoza binti yake na tulikula hadi nikasahau kama nimekula, wakaniletea tena. Kuna faida katika ugonjwa huu.

Uliniuliza kwa nini sitaki simu. Hukuuliza? Basi nitajibu hata hivyo. Maneno ya simu yananitoka kabla hujakata. Karatasi naiweka chini ya mto na asubuhi naikuta bado inasema yale yale.

Nafurahi uko chumba cha mbele. Sakafu pale karibu na mlango mkuu ina ubao unaolia, usiutengeneze. Bawaba zitie mafuta. Komeo la ndani la mlango mkuu nililing'oa mwenyewe mwaka 2008, matundu yake utayaona kwenye fremu. Yaache hivyo hivyo. Mlango ule ni wa kufunga kwa ufunguo tu.

Kifungu cha saba hakina kicheko. Unajua kwa nini nilikuchagua wewe na si kaka zako wenye shahada? Ulipokuwa mdogo, mtu akipiga hodi ulikuwa unakimbia na unga mikononi, unaitika hata kabla hujajua ni nani. Mama yako alikuwa anakuchapa kwa hilo. Mimi nililiweka moyoni.

Ile karatasi unayoitaka nitaifikiria. Alasiri imeadhiniwa.

Ami yako,
Burhani

Bawaba umezitia mafuta? Komeo usiweke.


Bellevue
2 Juni 2025

Ami, shikamoo.

Pole na goti la Shangazi, mwambie namtumia dawa ya kuchua, ipo kwa Pandu kwenye chupa ya soda, asije akainywa. Huku maji yalikatika siku nne, tukajipanga na ndoo kwenye lori la maji mpaka kule kwenye taa za robot. Wapangaji wote wazima. Sote tunavaa makoti hata jikoni.

Nina jambo la kukueleza, na nitalieleza kama lilivyokuwa. Mimi si mtu wa mapepo, unanijua.

Ilikuwa Jumanne, saa kumi kasoro, jua linawaka nje. Nilikuwa napiga pasi gauni la mteja. Nikasikia ufunguo unaingia kwenye mlango mkuu. Ukazunguka. Mlango ukasukumwa, haukufunguka. Nikadhani ni mpangaji. Kisha ikaja "Hodi", sauti ya mwanamke, ya kwetu kabisa, ya Tanga, sauti ya mtu aliyetembea sana lakini bado ana adabu. Nilitaka kuitika, ila pasi ilikuwa mkononi, na sijui kwa nini nikasubiri nisikie tena. Ikaja ya pili. Ikakaa kidogo, ikaja ya tatu. Halafu nikamsikia anajisemea, taratibu, "Basi hawapo." Viatu vikashuka ngazi.

Nilikwenda kufungua. Barazani hapana mtu. Geti limefungwa kwa kufuli, na ufunguo wa kufuli nilikuwa nao mimi shingoni.

Nilipogeuka, Jeanne alikuwa amesimama kwenye korido, amenikazia macho kama mama mkwe. Akaniambia, "Mama Sumaiya, mbona ulinyamaza? Siye tunaitikaka mbiyo. Mzee alituachia ile kazi." Nikamuuliza ni nani yule. Akasema, "Uliza mzee." Akaingia chumbani kwake. Tangu siku hiyo ananisalimia nusu nusu.

Sauti imerudi mara tatu tangu hapo, saa ile ile.

Ami, kama kuna mtu anatuchezea, niambie ni nani. Na ile karatasi, nakukumbusha. Mnunuzi hatasubiri milele.

Sumaiya


Tanga
30 Juni 2025

Mwanangu Sumaiya,

Salamu kutoka kwangu na kwa Ummi, ambaye alimimina dawa yako kwenye kikombe kabla sijamzuia, lakini alinusa kwanza. Tunacheka bado. Jirani yetu ameoza binti yake, sijui kama nilikwambia.

Hapa napata mgeni siku hizi. Ni tangu mwezi uliopita. Anakuja alasiri, wakati Ummi yuko uani anapepeta mchele. Nampenda sana kwa sababu hakai nje bila kusema. Anapiga hodi vizuri. Taabu ni miguu yangu. Nikiisikia ya kwanza ninatafuta bakora. Nikiisikia ya pili nimeshika ukingo wa kitanda. Nikifika katikati ya chumba, ya tatu imepita. Nikiitika koo halitoi sauti, inatoka pumzi tu. Ummi anasema hakuna mtu, ni mimi naota macho wazi.

Nilimuuliza kwa dirisha, jana au juzi, kwa nini amekuja huku mbali. Akasema kule hawaitiki tena. Akasema mlango umetiwa komeo jipya, la shaba, limepigiliwa juu kuliko lile la zamani, na misumari miwili imepinda.

Sumaiya, mimi sijakuuliza hilo. Nakuambia tu alichosema.

Bawaba umezitia mafuta?

Burhani


Bellevue
21 Julai 2025

Ami, shikamoo.

Huku tuko wazima. Shangazi apunguze chumvi.

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, kisha nikaenda kuangalia ile misumari. Komeo nililiweka mimi mwenyewe, mwezi wa Aprili, kwa nyundo ya kuazima, baada ya wezi kuingia nyumba ya tatu kutoka hapa. Sikumwambia Pandu. Sikukuandikia. Jeanne hana namba ya mtu yeyote wa Tanga, nimemuuliza na akaapa kwa Biblia yake. Sasa nani kakwambia?

Usinijibu. Sitaki kujua. Nimeshapanga utaratibu mpya na wapangaji na mambo ya hodi yamekwisha, naomba tusiyaandike tena.

Nijibu hili moja tu, na ulijibu ukiwa na akili yako ya asubuhi, kabla haijachoka. Najma ni mzima au amekufa? Kama unajua, unajuaje? Nimechoka, Ami. Nalala na mkasi chini ya mto kama mwanamke aliyejifungua juzi. Nataka kwetu.

Sumaiya


Tanga
11 Agosti 2025

Mwanangu mpenzi Sumaiya,

Ni asubuhi, nimekunywa chai, najua leo ni Jumatatu na najua jina la kila mtu aliyemo nyumbani. Salamu nyingine Ummi atakupa mwenyewe. Niache niandike haraka.

Mei ile, Najma alikuwa anauza vitambaa Jules Street, kule Malvern. Watu walipoanza kuvamia wageni, magari yalisimama. Mimi nyumbani nilikuwa na watu kumi na watatu kwenye korido, Wakongo na sisi, tumekaa chini sakafuni. Nilipiga komeo. Wale watu walikuwa kona ya mtaa, mchana kweupe, wanagonga nyumba moja moja na kumsemesha anayetoka, wakisikia lafudhi ya kigeni wanamburuta. Tulikubaliana asitoe mtu neno. Jeanne alikuwa amemziba mtoto wake mdomo kwa kiganja.

Najma alikuja kwa miguu kutoka Malvern. Alitia ufunguo wake, ukazunguka, komeo likazuia. Mtoto mwingine angepiga mlango mateke, angeniita jina langu. Lakini marehemu mama yake alimlea kwa desturi ya kwetu hivi: hodi tatu, usiongeze ya nne, usipoitikiwa rudi ulikotoka na usiwe na kinyongo. Alipiga hodi. Nilikuwa nimesimama juu ya ule ubao unaolia. Sikuinua mguu, kwa sababu ubao ungelia. Alipiga ya pili. Jeanne alinitazama. Watu kumi na watatu walinitazama, mwanangu. Nikaweka kidole mdomoni. Alipiga ya tatu. Kisha akasema, "Basi hawapo," bila hasira, akashuka ngazi.

Niliingoja kona itulie. Nilipofungua, mtaa ulikuwa mtupu. Nilimtafuta hospitali zote na vyumba vya maiti vyote, mwaka mzima. Sikupata hata kiatu. Kwa hiyo sikuweza kumswalia, na nikaifunga nyumba kwenye amana ili asije akarudi akakuta jina la mtu mwingine mlangoni. Alianza kuja mwaka uliofuata. Niliitika kila siku kwa miaka kumi na tano, hodi ya kwanza tu, "Karibu mwanangu," na mara zote aliishia pale, hakuingia, lakini hakurudi na lile neno lake.

Umeniuliza ninajuaje. Mtu aliye hai angekasirika.

Karatasi uliyoitaka nimeiandika na kuitia sahihi, imo humu ndani. Ummi ameshuhudia. Nyumba uza, kaa nayo, vyovyote. Sitaki uzeeke kwenye korido ile kwa kosa langu. Nilikuchagua kwa sababu hukujua kunyamaza, na naona nimekufundisha.

Mimi huku nafanya mazoezi. Asubuhi nahesabu hatua kutoka kitandani hadi mlangoni. Ni kumi na moja. Jana nilifika ya saba.

Ami yako,
Burhani


Bellevue
4 Septemba 2025

Ami yangu Burhani,

Salamu sijui niianze vipi. Shikamoo, kwa mazoea ya ulimi. Wapangaji wote hawajambo. Baridi imeanza kulegea na mti wa nyuma umetoa majani. Kifungu cha kumi na moja kinasema mdhamini amwandikie mwanzilishi wa amana taarifa kila baada ya miezi miwili, na hakisemi aache kwa sababu mwanzilishi yuko kaburini. Kwa hiyo naandika. Pandu ataipeleka na Shangazi Ummi atakusomea pale ulipolazwa.

Barua yako ya mwisho ilinifikia tarehe ishirini na tatu, siku tisa baada ya kufa kwako. Pandu alikwama mpakani. Simu ya msiba niliipata kabla, nikalia huku sijajua nilie nini hasa. Nimekuja kulia tena nilipoisoma.

Sasa nikuambie niliyokuficha. "Utaratibu mpya" nilioupanga ulikuwa huu: niliwakataza wapangaji wote kuitika. Nilisimama jikoni nikawaambia atakayeitika hodi isiyo na mtu atafute chumba kwingine. Jeanne alilia. Nilimwambia aache uchawi. Kumbe mama wa watu alikuwa analipa deni la kiganja chake.

Alhamisi ile, tarehe kumi na nne, mnunuzi alikuwa amekaa mbele yangu chumba cha mbele, kanzu ya mteja imening'inia juu ya kichwa chake, na mezani kuna karatasi ya makubaliano ya awali. Nilikuwa nimeshika kalamu. Saa kumi kasoro dakika saba, kwa saa yako ya ukutani. Ufunguo ukazunguka. Komeo likazuia. "Hodi." Mnunuzi hakuinua kichwa, aliendelea kunieleza habari za mafundi wake. Jeanne alitoka koridoni akasimama, akanitazama. Ikaja ya pili. Mdomo wangu ulikuwa umefunguka, Ami, naapa, neno lilikuwa kwenye meno. Nikamwangalia mnunuzi, nikaona aibu ya kuitika mtu ambaye yeye hamsikii. Nikaweka kidole mdomoni. Jeanne alipokiona kile kidole alishika ukuta, na sikujua ni kwa nini.

Tukaisubiri ya tatu. Saa ya ukutani iligonga kumi, mnunuzi akaniuliza kama ninaumwa. Ya tatu haikuja. Na lile neno lake halikuja, wala viatu havikushuka ngazi.

Nusu saa baadaye simu ikalia, Shangazi Ummi. Alisema alikuwa uani na ungo wake, mara akasikia bakora inaanguka na miguu inatembea, miguu ya mtu mzima, inakanyaga sakafu sawasawa, wewe ambaye kwa miezi miwili ulikuwa unabebwa mpaka chooni. Akasikia komeo la mlango wa mbele linavutwa. Akakusikia unasema kwa sauti yako ya zamani, ile ya kuita watu mezani, "Tupo, mwanangu. Tupo. Pita ndani." Alipofika alikukuta umekaa kizingitini, mgongo kwenye fremu, mlango wazi kabisa, na umejisogeza upande mmoja kama mtu anayempisha mwingine. Nikamuuliza ilikuwa saa ngapi. Akasema kumi na moja kasorobo, au kasoro tano hivi. Huko mko mbele yetu kwa saa moja. Unaweza kupiga hesabu.

Nilikuwa karibu kufanya ulichofanya wewe, bila hata mtu mmoja wa kumwogopa kwenye kona. Uliniwahi, ukaitika wewe kabla ya ile ya tatu. Sina la kukulipa kwa hilo.

Mnunuzi nilimwambia hapana, siku ile ile. Komeo nimeling'oa, misumari iliyopinda imenitoa damu kidole gumba. Karatasi yako nimempelekea Mahmoud, lakini si kwa ajili ya kuuza. Msikiti umemswalia Najma Ijumaa iliyopita, swala ya asiyekuwepo, safu zilijaa hadi nje. Jeanne alisimama ng'ambo ya barabara na binti yake, na baadaye yule binti akaniuliza, kwa Kiswahili, kama ni kweli siku ile alizibwa mdomo. Nimemwambia ni kweli, na ndiyo maana yuko hai.

Amana sijaifunga. Nimemwandikisha Jeanne kuwa mdhamini baada yangu, na Mahmoud safari hii hakucheka. Chumba cha nyuma atapewa atakayefika mji huu akiwa hana mtu. Mimi naondoka mwezi ujao na basi la Pandu. Nitakaa chumba chako kwa Shangazi, nitamsaidia na goti, na cherehani itapata dirisha lingine.

Nyumba imekuwa kimya tangu Alhamisi ile. Jana tu, saa kumi kasoro, tulipokuwa tunafunga vyombo vyangu, tulisikia mtu ngazini. Haikuwa sauti ya Najma, ilikuwa ya mwanaume, kijana, wala hodi yake si ya kwetu, ameitamka kwa taabu kama aliyejifunza njiani. Geti lilikuwa na kufuli. Jeanne akanigeukia, akaniuliza, "Mama, huyu sasa ni nani? Naitika ama?" Nimemwambia simjui, na aseme tupo.

Mwanao,
Sumaiya